Shamba la Rohani, Olat Rea

Olat Rea, Sumbawa
6 Februari 2024

Mama Mkubwa,

Assalam aleikum. Nakushika miguu kutoka mbali. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia, na dada yangu Ghadeer hajambo na mimba yake. Mie mzima wa afya, ila mbu wa huku wamenipenda kuliko wachumba wote ulioniletea.

Ghadeer angeweza kukusomea ujumbe kwenye simu yake, najua. Lakini simu huku inashika juu ya kilima tu, na masikio yako yameshaikataa simu zamani. Tena nataka tuzungumze sie wawili, si nyumba nzima. Mfuko wa nyaraka za kampuni hutoka hapa kwenda Maskati kila baada ya wiki mbili tatu, na Alaa wa ofisini kwetu amekubali kukuletea barua mpaka mlangoni Darsait. Ukijibu, mpe yeye.

Basi nikupe khabari za kijiji. Kutoka mjini ni saa tano kwa gari, na saa mbili za mwisho barabara ni mawe matupu. Nyumba ni sitini na mbili, za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo. Chini yake hukaa kuku, pikipiki na magunia ya mahindi. Watu Waislamu, msikiti wao una paa la bati la kijani. Wanalima mpunga na mahindi, wanafuga farasi wadogo wenye hasira, na wanaume hupanda miti mirefu porini kurina asali. Ukiteremka nusu saa unafika ghuba ya mchanga mweupe ambapo hapajajengwa hata kibanda. Hiyo ghuba ndiyo iliyomtia tamaa Bwana Loai, bosi wetu. Anataka niandike wasifu wa kijiji kwa ajili ya wageni na kwa watu wenye uwezo wanaotafuta pa kuwekeza: hali ya hewa, maji, njia, tabia za watu. Mgeni hamiliki ardhi huku, hukodi tu kwa miaka mingi, lakini kwa wateja wetu hilo halina neno.

Nimeshaanza. Nimeandika hivi: "Anayetaka utulivu ataupata. Hakuna mkahawa, hakuna taa za barabarani, na jogoo hawana siku ya mapumziko." Bwana Loai amesema niwatoe jogoo.

Kina mama kadhaa hapa wamewahi kufanya kazi nchi za Ghuba, kwetu. Mmoja alinisalimu kwa Kiarabu cha kwetu kabisa. Alikaa Mawaleh miaka minne. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Nimekuja kazini, Mama Mkubwa. Usiwe na wasiwasi wa jengine.

Mwanao,
Mazoon


Darsait
2 Machi 2024

Mwanangu Mazoon,

Marahaba, na Mungu akuweke. Alaa kaja na barua yako, kijana mwenye adabu, kanywa kahawa vikombe vitatu na hakutazama simu hata mara moja. Sie tuko salama. Ghadeer kavimba miguu, daktari anasema miezi miwili bado. Soko la Mawaleh wanasema litahamishwa mbali, sijui sie tusioendesha gari tutakula nini. Ramadhani imekaribia na hiyo itakuwa ya kwanza hukai kitako mezani kwangu. Je, futari huku wanakula nini? Maji ya kunywa unachemsha? Hospitali iko umbali gani?

Umesema nisiwe na wasiwasi wa jengine. Mazoon, mie mzee lakini si mjinga. Jina hilo la Sumbawa nalijua. Bahasha za barua za yaya wako Rohani kwenda kwao ulikuwa ukiziandika weye mwenyewe, umelala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, herufi moja moja, na Rohani kakaa pembeni anakusahihisha. Ulipokuja kunambia kampuni inakutuma Indonesia, nilikuuliza wapi, ukanambia visiwani. Indonesia yote visiwani.

Basi fanya uliyotumwa, urudi. Mtu akishaondoka na kurudi kwao ana maisha yake. Si vyema kumgongea mlango baada ya miaka ishirini na mbili.

Nimekuwekea halua ya Barka. Haitaharibika.

Mamako mkubwa,
Kheiria


Olat Rea
19 Aprili 2024

Mama Mkubwa,

Assalam aleikum, na Idi njema iliyopita. Nimesikia mvua imepiga vibaya Maskati, na siku mbili nilipanda kilimani kutafuta mtandao mpaka Ghadeer akanijibu kuwa mko salama. Huku futari yao ni ndizi za kuchemsha kwa tui na sukari ya mnazi. Nilikula nyumba za watu mwezi mzima. Hakuna jioni hata moja niliyoachwa nile peke yangu.

Sikumgongea mtu mlango. Nataka uliamini hilo. Nilipewa orodha ya wenye mashamba ya kuelekea ghubani, na shamba la kati, lenye chemchemi, lina majina mawili: Jamaluddin na Siti Rohani, watoto wa Abdul Hamid. Mkuu wa kijiji akanipeleka mwenyewe. Tulimkuta anaanika mahindi kwenye mkeka, kainama. Akainuka, akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa Kiswahili:

"Umekonda."

Nilikaa chini pale pale, juu ya mahindi ya watu.

Kiswahili chake hakijatoka, Mama Mkubwa. Ni Kiswahili cha jikoni kwako, kile kile, na "ati" zako na "ebo" zako. Watoto wa jirani wanajua "njoo hapa" na "usiguse", kwa sababu yeye akikasirika huwasemesha hivyo, na wao hudhani ni lugha ya Maskati. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Aliniuliza magoti yako. Aliniuliza kama sukari yako imepanda, kama bado unalala mchana kwenye kiti cha barazani, na nani sasa anakukanda miguu. Nikamwambia ni mie, nikiwapo.

Shamba hauzi. Alisema hivyo kwa upole, kabla sijamuuliza. Ndugu yake Jamaluddin anataka kutia saini, maana watoto wake wanataka kwenda chuo mjini, lakini bila ya saini ya dada yake haiwezekani.

Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini aliondoka vile. Nilikuwa na miaka tisa. Nilirudi skuli nikakuta kitanda chake kimekunjwa, na mama alikuwa ameshanifia mwaka ule ule. Alimaliza kusambaza mahindi, kisha akasema, "Muulize Bi Kheiria. Ni lake la kusema."

Basi nakuuliza.

Mazoon


Darsait
11 Mei 2024

Mwanangu,

Ghadeer kajifungua salama, mtoto wa kike, jina lake Noof. Ana nywele mpaka mabegani, wallahi. Mvua iliingia sebuleni, mazulia matatu tumeyatupa na ukuta wa jikoni umevimba. Mafundi wanakuja na kwenda. Nna mafua.

Kuhusu uliyoniuliza: Rohani alichoka, akaenda kwao. Ndivyo nilivyokwambia ulipokuwa mdogo, na sina jengine.

Nimempa Alaa kanga pea mbili. Moja yako.

Ana watoto?

Kheiria


Olat Rea
8 Juni 2024

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera kwa Noof, Mungu amkuze. Nimemwonyesha Rohani picha yake, akacheka, akasema hizo nywele ni zako za ujanani, za kwenye ile picha ya harusi.

Kanga ameipokea. Aliisoma maandishi yake kwa sauti, akaikunja, akaiweka kifuani. Hana watoto. Wala hakuolewa. Aliniambia mtoto aliyemlea ni mmoja, na anashukuru umemsomesha.

Sasa nikwambie jambo zito. Wasifu nilioupeleka umerudi kutoka ofisini umekatwa. Nilikuwa nimeandika kuwa nyumba zote sitini na mbili hunywa chemchemi ya shamba lile, na kwamba wakati wa kiangazi ndiyo pekee isiyokauka. Wameliondoa hilo. Pameandikwa sasa, "Eneo tupu lisilokaliwa, lenye chemchemi yake." Maji hayo wanataka kuyavuta kwa bomba mpaka ghubani, kwa ajili ya hoteli na mabwawa ya kuogelea.

Tena si tupu. Hatua thelathini kutoka kwenye chemchemi kuna kaburi la mamake Rohani. Kila Ijumaa hufagia majani, hulimwagilia maji, hukaa. Nilimwambia Bwana Loai. Akajibu kuwa kaburi huhamishwa, wameshafanya hivyo kwengine. Kisha akasema amesikia yule mama alinilea, kwa hiyo mie ndiye wa kumlainisha. "Yeye anakupenda," aliniambia. "Litumie hilo." Nilikaa juu ya kilima na simu mkononi. Na lililoniogopesha ni kuwa nilijua ningeweza. Rohani hanikatalii kitu. Nikimwambia tu kuwa nitafukuzwa kazi, atatia saini.

Ijumaa iliyopita nilikwenda naye kaburini. Jiwe lina tarehe. Agosti 2002. Rohani aliondoka kwetu mwanzo wa Septemba mwaka huo huo, wiki ya kwanza ya skuli.

Mama Mkubwa, nimeshakuwa mtu mzima. Nambie.

Mazoon


Darsait
15 Julai 2024

Mwanangu Mazoon,

Salamu nyingi. Watu wote wazima. Noof anatambua sauti.

Alaa amekuja hapa mara mbili na mara mbili ameondoka mikono mitupu. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Leo nimemwambia Ghadeer aende kwa mumewe Azaiba na mtoto, nataka nyumba inyamaze, nami nikaandika.

Ile Agosti ulikuwa na siku thelathini tangu kufiwa na mamako. Hukuwa ukila. Ulikuwa hukubali kulala mpaka umshike Rohani kidole, na akikitoa unaamka unapiga kelele mpaka unazimia. Daktari alinambia mtoto huyu asibadilishiwe kitu. Hayo nayasema ili ujue ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Simu ya nyumbani ililia mchana. Mwanamume, anazungumza Kiarabu cha kuokoteza. Alisema: mama mgonjwa sana, Rohani aje. Akarudia mara tatu, aje, aje. Nikamwambia nimesikia. Rohani alikuwa juu anakuogesha. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kabatini mwangu, kama pasi zote za watumishi zilivyokuwa enzi hizo, na funguo shingoni mwangu.

Nilijiambia nitamwambia kesho, mtoto akila kidogo. Kesho yake nikasema Ijumaa. Siku kumi na tisa, Mazoon. Simu ililia tena mara mbili nikaiacha ilie. Siku ya kumi na tisa ukala sahani nzima ya wali, ukacheka, na mie nikamwita Rohani jikoni nikamwambia mamake mgonjwa, nimepigiwa simu jana. Jana, nikasema. Akaenda kupiga simu kwenye kibanda cha Ruwi, akarudi. Mamake alikuwa ameshazikwa siku nne.

Alipiga pasi nguo zako zote za skuli, wiki nzima ya kwanza, akazitundika kwa mpango. Nilimpa pasi yake ya kusafiria, nikampa na dhahabu, dhahabu akaiacha juu ya meza. Mlangoni alinambia nisikupe maziwa baridi. Basi.

Nilizika dada yangu kwa mikono yangu, nikamuosha, nikamvisha sanda. Na wakati huo huo nikamzuilia mwenzangu asimuoshe mamake. Nimehiji mara mbili tangu hapo na kote nimelisema hilo, lakini nimelisema kwa Mungu tu, na Mungu alikuwa analijua.

Msomee barua hii. Usiipunguze. Akitaka kunilaani ana haki.

Na hilo shamba, ukimshawishi alitoe, usirudi kwenye nyumba hii. Mie nilishakutumia weye kumzuilia mamake. Usimzuilie mara ya pili.

Kheiria


Olat Rea
20 Agosti 2024

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Nakupenda. Naanza na hilo kwa sababu najua utaifungua barua hii kwa hofu.

Nilimsomea baada ya alasiri, barazani kwake. Alikuwa anabambua karanga. Nilisoma polepole, na yeye anabambua. Nilipofika kwenye "nimepigiwa simu jana" mikono ikasimama. Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Nikasoma mpaka mwisho. Jirani aliyekuja kuazima ungo alitutazama, akageuka akaenda zake.

Kisha akasema, "Nilijua."

Jamaluddin alimwambia siku aliyofika, "Nilipiga simu, bibi akapokea, akasema amesikia." Amelijua hilo miaka yote hii, na kila barua aliyoanza kukuandikia aliichana kwa sababu alikuwa anangoja wewe uanze.

Nilimuuliza kama amekusamehe. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwambie nilikuwa naona jinsi mtoto alivyo. Angenambia siku ile ile, labda ningekaa siku mbili nimtulize, labda tatu. Labda ningekwenda siku hiyo hiyo. Sijui. Lakini ningechagua mie. Hilo limeniuma zaidi kuliko kuchelewa." Akaokota karanga iliyoanguka. "Mwambie nimechoka kukasirika naye. Mwambie aje amsalimie mamangu."

Nililia, Mama Mkubwa. Yeye hakulia. Alinipa bakuli la karanga nimalizie, akaenda kusali.

Sasa khabari za kazi. Nilimjibu Bwana Loai kuwa sitamwomba Rohani chochote. Nikaandika wasifu upya, wote, kama ninavyokijua kijiji: jogoo, barabara ya mawe, asali, farasi, chemchemi na nyumba zinazoinywa, bomba linalopangwa, na kaburi, na jina la aliyelala humo. Niliupeleka ofisini, na nakala kwa kila mteja aliyekuwa ameahidiwa kiwanja, kwa sababu orodha yao nilikuwa nayo. Siku mbili baadaye nilipokea barua ya kuachishwa. Walimtuma mtu mwengine na karatasi za saini. Jamaluddin alitaka kutia yake. Lakini wasifu nilikuwa nimemsomea mkuu wa kijiji kwa Kiindonesia changu cha kuchechemea, naye akausoma msikitini baada ya sala, pale palipoandikwa bomba la maji. Wazee walikwenda nyumbani kwa Jamaluddin, wakakaa naye mpaka akarudisha kalamu. Aliona haya, maskini, maana hakuambiwa kuwa ni maji yote. Kampuni imehamia ghuba nyengine, kusini. Roho inaniuma kwa watu wa huko. Nimeshampa mkuu wa kijiji nakala awapelekee.

Kijiji kimeamua nyumba nne zitenge chumba kimoja kimoja cha wageni, ya Jamaluddin ikiwa ya kwanza, maana watoto bado wanataka chuo. Wasifu wangu wameuchukua wao, wameufasiri, na upo ukutani kwenye ofisi ya mkuu. Mstari wa mwisho nimeuongeza mie: "Wageni wanakaribishwa. Ardhi haiuzwi."

Sina kazi, sina haraka. Nangoja jibu lako; Alaa amesema bado atatupokelea barua.

Mazoon


Darsait
14 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Alaa naye ameacha kazi kule, kanambia jana, akaona haya kama kwamba kosa ni lake. Nikamwambia kahawa yangu haina uhusiano na kampuni. Barua hii atanitilia posta.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipofika pale "nimechoka kukasirika naye" niliiweka chini nikatia udhu.

Nimemwambia Ghadeer yote. Siku nzima hakunitazama, na mie sikumlaumu. Jioni yake akaja akakaa karibu na mie, akaniuliza kama nnayo pasi ya kusafiria iliyo hai. Sina, tangu hija. Tumekwenda kuifanya upya. Yule binti wa dirishani aliniuliza nasafiri kwa matibabu? Nikamwambia nakwenda kumuomba mtu radhi. Alidhani sikumsikia vizuri, akauliza tena.

Tiketi ni ya tarehe tatu Oktoba. Ghadeer ananisindikiza mpaka mjini kwenu, kisha hiyo barabara ya mawe mtajua wenyewe. Magoti yangu ndiyo hayo. Kama kuna kupanda, nitapanda kwa kukaa kitako, ngazi moja moja, sitaki kubebwa.

Mwambie Jamaluddin aniwekee chumba, nami nitakaa kama mgeni yeyote. Mwambie Rohani asifagie kwa ajili yangu, asifue shuka, asiwashe moto. Siku nikifika anionyeshe tu chemchemi iko wapi na kaburi liko wapi. Nitateka maji mwenyewe.

Mamako mkubwa,
Kheiria